Mwenyewe

Fomu ina safu mbili tu. Niliziona
siku niliyojifanya nimelala:
*mwenyewe*, na *kwa kusaidiwa*.
Kula: mwenyewe.
Kuvaa: kwa kusaidiwa.
Kuoga: kwa kusaidiwa.
Kwenda msalani: hapo kalamu ya Nyevu ilisita,
kisha ikatia alama upande nisioutaka.

Miaka thelathini na minne, Bondeni,
nimeshona sare za watoto wa watu.
Vifungo vyao vyote nimevitia mimi.
Leo kifungo kimoja cha gauni langu la kulalia
chanikimbia kama mende.

Saa tatu asubuhi twapangwa viti nusu duara uani.
Kunguru wamejaa ukutani, watutazama
kama wakaguzi wa shule.
"Haya, mabingwa!" asema Nyevu, mtoto wa Kaloleni,
viganja vyanuka mafuta ya karafuu.
Chupa za soda zilizojazwa kunde ndizo vyuma vyetu.
Juu. Chini. Pumua.
Mzee Ondiege, fundi wa injini za reli enzi zake,
apiga mluzi kila anyanyuapo goti;
mtambo wa zamani, asema, hauwashwi kwa pupa.
Bi Shekue, tunayelala naye chumba kimoja, hainui kitu.
Amefumba macho. Lakini kidole gumba cha mguu wake,
nimekiona mimi,
chafuata hesabu.

Kisha lile nilichukialo: kusimama bila kushika.
Mikono kifuani, pua ipite vidole vya miguu.
"Sukuma sakafu, Bi Mishi. Usiivute dari."
Mara ya kwanza nilirudi kitini kama gunia la mchele
lililotupwa na hamali mwenye hasira.

Ijumaa alikuja mwanangu Swaleh.
"Mama, wajitesea nini? Kengele ipo. Watu walipwa."
Akanilisha biriani kwa kijiko,
na mkono wangu umekaa papo hapo, mzima,
watazama.
Nilimeza tu. Alikuwa akiiwahi feri.

Nyevu hana haraka. Hunipa shati kuukuu
lenye vifungo vikubwa kama sarafu ya ishirini,
kisha huikalia mikono yake,
naam, huikalia, chini ya mapaja,
isije ikanisaidia.
Wiki ya saba, vifungo viwili.
Wiki ya nane, hata kimoja.
Wiki ya tisa nikasimama mara nne mfululizo,
magoti yakilia kama bawaba za lango.

Usiku wa jana stima ikapotea.
Feni ikanyamaza. Joto lote la Tudor
likapanda kitandani likanilalia.
Kibofu kikaniita kwa jina.
Kengele ya shaba i hapa, karibu na mto.
Nikaishika. Nikaiweka.
Pua ikapita vidole. Nikasukuma sakafu.
Mguu wa kushoto, uliokanyaga cherehani
miaka yote ile, ukakumbuka kazi.
Hatua ya pili, mgongo wa kiti.
Ya nne, ukingo wa kitanda cha Bi Shekue.
Ya saba hakuna cha kushika; ni giza na mimi.
Ya tisa, ukuta. Baridi yake tamu!
Kumi na moja.

Mengine sisimulii. Mtu mzima ana staha yake.
Ila nilikaa mle kupita haja,
nacheka, kiganja mdomoni.

Niliporudi, sauti kavu ikatoka gizani:
"Kumi na moja. Nimehesabu."
Ndiyo maneno ya kwanza ya Bi Shekue tangu Ramadhani.

Asubuhi Nyevu aitikisa kengele sikioni mwake.
"Imeharibika hii? Mbona usiku haikulia?"
Namwambia, lete fomu.
Aipapasa kalamu nyuma ya sikio, haipo, arudi mbio ofisini,
na mimi naangalia kifuani:
kifungo cha juu kingali wazi.

Arudipo ananyoosha mkono akifunge.
Hicho kiache, mwanangu.
Hicho nina shauri nacho.